Mshahara unalipwa Uingereza, mtu anafanya kazi Pune: TDS inakatwa wapi?

Swali la msomaji kwa ufupi. Ni Mtanzania, alisoma Pune, India, akabaki hukohuko, sasa ni mhasibu kwenye kampuni ya Kihindi ambayo kampuni mama yake iko Uingereza. Mama kawaletea wahandisi wawili kwa miezi 18. Mishahara yao inaendelea kulipwa Uingereza kwa pauni, na kila mwisho wa mwezi Uingereza wanatuma debiti noti ya kiasi kilekile bila cha juu, Pune wanarudisha hela. Kodi ya mshahara ya hao wahandisi inakatwa na kupelekwa serikalini na Pune. Sasa mkaguzi wa nje kaja kasema hata hiyo hela inayorudishwa Uingereza ikatwe TDS, yaani kodi ya India ambayo mlipaji anaikata kabla hajatuma hela, bosi kawaka, anasema huo ni wizi, mshahara umeshakatwa kodi, hii ni refandi tu. Msomaji anauliza: "Nani yuko sahihi, na nikikosea anaumia nani?"

Ndugu yangu, jibu fupi kabla sijakuchosha: bosi wako ana nafasi nzuri ya kushinda kuliko mkaguzi anavyodhani, ila sababu anayoitoa ndo mbovu. Hiyo "ni refandi tu" haijawahi kumwokoa mtu India kama nyuma yake hamna kitu kingine. Kinachookoa ni kimoja, nacho ni kuonyesha kwamba kwa hiyo miezi 18 mwajiri wa kweli wa hao wahandisi ni nyie Pune, sio Uingereza. Ukiweza kuonyesha hilo kwa makaratasi na kwa vitendo, mambo mengine yote yanajipanga yenyewe. Ukishindwa, hata usipoongeza cha juu hata paundi moja, bado watakudai.

Kuhusu namba za vifungu, kuanzia tarehe 1 Aprili 2026 ile sheria ya 1961 imepisha Sheria mpya ya Kodi ya Mapato ya 2025, TDS ya mshahara imehamia kifungu cha 392 na ya malipo mengine, pamoja na ya wasio wakaazi, imekusanywa 393. Mimi nitatumia namba za zamani, za vifungu na za fomu, 192 ikiwa ya mshahara na 195 ya wasio wakaazi, manake ndo zilizo kwenye hukumu zote na ndo ambazo afisa wa kodi atakuandikia akifufua miaka ya nyuma.

Sasa twende. Kifungu cha 195 kinasema ukimlipa mtu asiye mkaazi wa India kiasi chochote kinachotozeka kodi India, ukate kabla hujatuma. Maneno yenye uzito hapo ni "kinachotozeka kodi". Kuna kipindi maofisa walikuwa wanasoma kana kwamba kila dola inayotoka nchini ikatwe kwanza maswali baadaye, Mahakama ya Juu ikawarudisha kwenye mstari Septemba 2010 kwenye kesi ya GE India Technology Centre, ikasema kama hela yenyewe sio mapato yanayotozeka India basi hakuna cha kukata. Kwahiyo swali sio "je hela inatoka nje?", swali ni "je, hii hela ikifika Uingereza ni mapato ya nani na ya aina gani?"

Na hapo kuna njia mbili tu. Njia ya kwanza, hela ni mshahara wa wahandisi, Uingereza kapitisha tu mkononi kwa niaba yenu, kodi yake ni ya 192 na mmeshakata, mambo yameisha. Njia ya pili, Uingereza kawauzia huduma: kawaletea wataalamu wake, wanafanya kazi yake au kazi yenu lakini wakiwa watu wake, na mnachomlipa ni bei ya huduma hata kama mmekubaliana bei iwe sawasawa na mshahara. Hapo hela ni malipo ya huduma za kitaalamu, sheria inayaita FTS, na hayo yanakatwa kwenye kiasi kizima bila kutoa gharama. Ndo maana nakwambia kukosekana kwa cha juu hakusaidii, FTS haijali kama mwenzako kapata faida au katoka patupu.

Chukulia umemwazima jirani mpishi wa harusi. Kama mpishi anakuja kwako, we ndo unamwambia apike nini, we ndo unamfukuza akiunguza pilau, na jirani katangulia tu kumlipa ukamrudishia, mpishi ni wako kwa siku hiyo. Lakini kama jirani ndo anamwelekeza kwa simu, ndo anamkadiria, na ukimchukia we unachoweza ni kumrudisha tu kwa jirani akaendelee na kazi yake, basi ulichonunua ni huduma ya jirani. Mahakama za India zimekuwa zikizunguka hapohapo kwa karibu miaka 20.

Kesi ambayo mkaguzi wako anaiota usiku ni Centrica, ya Mahakama Kuu ya Delhi, Aprili 2014. Hii ni kampuni ya Uingereza pia, ilikuwa inapeleka kazi za ofisi za nyuma kwa makampuni ya nje yaliyoko India, ikafungua kampuni tanzu India ya kusimamia ubora wa hizo kazi, ikaazima wafanyakazi wake kutoka Uingereza na Canada waje kuanzisha. Makaratasi yao yalikuwa yameandikwa vizuri tu, kwamba kampuni ya India ndo itawaongoza na ndo itabeba gharama, hakuna faida inayoongezwa. Mahakama ikafunua chini ikakuta nini? Wale watu wanabaki kwenye ajira ya nje, mshahara wanadai nje sio India, kampuni ya India inaweza kukatisha muda wa kuazimwa lakini haiwezi kukatisha ajira yenyewe, na kazi wanayofanya kimsingi ni ya kulinda maslahi ya makampuni ya nje yaliyopeleka kazi huko. Ikasema jina la refandi halibadili kitu, hayo ni malipo ya huduma, na juu yake ikasema hao watu wameunda kituo cha kudumu cha biashara cha makampuni ya nje ndani ya India, yaani makampuni hayo yanahesabiwa yanafanya biashara India na faida yake inatozwa kodi huko. Mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza rufaa. Toka hapo kila mkaguzi mwoga akiona debiti noti ya mshahara anasikia jina Centrica masikioni.

Sasa upande wako. Kuna mtu atakupa orodha ndefu ya hukumu, we shika hizi chache kwasababu zinakuhusu moja kwa moja.

Ya kwanza na ya karibu kabisa ni Marks & Spencer Reliance, ya Mahakama Kuu ya Bombay, 2017. Nasema ya karibu kwasababu Pune iko chini ya Bombay, afisa wako wa Pune anabanwa na Bombay kwanza, ya Delhi kwake ni ya kushawishi tu. Na pia mama alikuwa Uingereza, mkataba wa kodi ni uleule wenu. Pale kampuni ya India ilirudisha mishahara ya watu walioazimwa, mishahara yote ikiwa imeshakatwa kodi ya 192 India, idara ikataka na ya 195, mahakama ikaona hakuna sababu ya kukata mara ya pili. Ukisoma hiyo, ona neno "yote". Haikuwa sehemu ya mshahara. Ilikuwa yote. Nitarudi hapo manake ndo mahali watu wanapoanguka.

Ya pili ni Abbey Business Services, Mahakama Kuu ya Karnataka, mwishoni mwa 2020, Uingereza tena. Mahakama ikakubali hoja ya mwajiri wa kiuchumi, yaani yule anayeelekeza kazi, anayefaidika nayo na anayebeba gharama, ndo mwajiri hata kama jina kwenye peiroli ni la mwingine.

Ya tatu ni Flipkart, Karnataka tena, Juni 2022. Walmart iliazima watu wake kwa Flipkart, Flipkart ikaomba cheti cha kutokata kodi, afisa akakataa, mahakama ikaifuta barua yake. Hapo kuna vitu vidogo vya kuangalia kwa karibu: mahakama iliangalia mpaka makaratasi ya viza, ikaona aliyeandikwa mwajiri ni Flipkart. Viza! Kitu ambacho HR anajaza asubuhi huku anakunywa chai. Afu hii hukumu ilitoka wiki chache tu baada ya Mahakama ya Juu kutoa hukumu ngumu ya Northern Operating Systems kwenye kodi ya huduma, watu wote tulikuwa tunadhani mambo yameisha, Karnataka ikasema ile ni ya kodi ya huduma, hii ni kodi ya mapato, kila moja na mizani yake.

Na Oktoba 2022 Mahakama Kuu ya Delhi, ileile ya Centrica, ikaipa ushindi Boeing India kwenye jambo hilihili. Sheria yenyewe inapofafanua FTS inatoa nje malipo ambayo kwa mpokeaji ni mshahara, na mishahara ile ilishakatwa kodi ya 192. Kwahiyo mtu akikwambia Delhi wana msimamo mmoja muulize upi.

Ukizisoma zote pamoja unaona sheria haijabadilika sana, kilichobadilika ni ukweli wa kila kesi. Sasa ukweli wenu nyie ukoje? Hujaniambia, kwahiyo nitakwambia cha kutafuta kesho asubuhi ukifika ofisini.

Chukua mkataba wa kuazimana kati ya Pune na Uingereza uweke na barua ya kila mhandisi pembeni. Tafuta mstari unaosema nani anaweza kumfukuza. Kama mstari unasema Pune inaweza tu "kumrudisha", hiyo ni Centrica. Kama unasema Pune inaweza kusitisha ajira yake ya India, kwamba kwa kipindi hiki ajira ya Uingereza imesimama na wajibu wa kumlipa ni wa Pune, uko pazuri. Kule kuwa na haki ya kurudi kazini Uingereza baada ya miezi 18 peke yake hakukuui, kila mtu anajua watu wanaazimwa wakiwa na mahali pa kurudi, lakini kwenye kesi ya Morgan Stanley ya 2007 Mahakama ya Juu iliitumia haki hiyo dhidi ya kampuni, kwahiyo usiiache ikiwa ndo kitu pekee kinachong'aa kwenye karatasi.

Baada ya mkataba njoo kwenye maisha. Afisa mjanja hasomi mkataba sana, anaomba imeili. Likizo ya Diwali mhandisi aliomba kwa nani? Kama kamwandikia meneja wa Leeds, kule Uingereza, akajibiwa "approved" na Pune wamewekwa kwenye nakala tu, hiyo imeili moja inabomoa kurasa 20 za wanasheria. Tathmini ya mwaka nani kajaza? Bonasi nani kaamua, na imeamuliwa kwa malengo ya Pune au ya kundi zima? Ripoti za kila wiki zinaenda kwa nani? Kadi yake ya biashara ina jina la kampuni gani? Mimi hivi vitu naviona vidogo mpaka siku vinapoulizwa, afu vinakuwa ndo kesi nzima.

Sasa kuna mtego ambao hata washauri wazuri wanaupita mbio, na kwa mkataba wa Uingereza ni muhimu sana uuelewe. Mkataba wa kodi wa India na Uingereza una masharti ya huduma za kitaalamu yaliyo laini kuliko ya nchi nyingi. Ili malipo yahesabiwe FTS lazima mtoa huduma awaachie ujuzi, yaani akiondoka nyie mnaweza kuifanya hiyo kazi wenyewe bila yeye. Marekani na Singapore nao wana sharti kama hilo. Ujerumani na Japani hawana, huko ni 10% na hamna cha kuachiwa ujuzi. Kwahiyo mtu anakwambia "aah, wahandisi wenu wanafanya kazi tu, hawafundishi mtu, sio FTS, tumemaliza".

Hatujamaliza. Mkataba huohuo, ibara ya 5, unasema kampuni ya Uingereza ikitoa huduma ndani ya India kupitia wafanyakazi wake kwa zaidi ya siku 90 ndani ya miezi 12 inakuwa na kituo cha kudumu cha biashara, na kama huduma inatolewa kwa kampuni ndugu zinatosha siku zaidi ya 30 tu. Na huduma zinazohesabiwa hapo ni zile ambazo hazikutozwa kama FTS. Umeona? Ukijitoa kwenye FTS kwa kusema hawakutuachia ujuzi, unaangukia moja kwa moja kwenye kituo cha kudumu, na wahandisi wenu wa miezi 18 wamevuka siku 30 zamani. Hapo kampuni mama inatakiwa iwe na namba ya kodi ya India, ipeleke ritani, ikaguliwe, na faida itakayohesabiwa ni ya kituo hicho inatozwa kwa kiwango cha makampuni ya kigeni ambacho tangu mwaka wa fedha 2024-25 ni 35%. Unaweza kubisha kwamba faida ni sifuri kwasababu hela iliyoingia ni sawa na mshahara uliotoka, na ni hoja nzuri, lakini afisa naye atasema kampuni mbili zisizo ndugu zisingefanya hivyo bure.

Ndo maana nasema hoja ya kuachiwa ujuzi ni ya akiba, sio ya kutangulia nayo. Hoja ya kutangulia ni ya mwajiri. Kama mwajiri ni Pune, wahandisi sio "wafanyakazi wake" tena, hamna FTS na hamna kituo cha kudumu, milango yote miwili inafungwa na ufunguo mmoja.

Tuweke namba uone bosi anabishania kiasi gani. Tuseme kila mhandisi analipwa pauni 6,000 kwa mwezi, wawili ni 12,000, mwaka mzima 144,000, na tuchukulie pauni ni rupia 110 ili hesabu iwe rahisi. Inakuja rupia milioni 15.84. Kodi ya mshahara ya wahandisi iko palepale, na kwa mshahara huo kipande kikubwa kinaliwa na 30%. Sasa ikihesabiwa FTS, mkataba wa Uingereza unaweka kikomo cha 15%, ni rupia 2,376,000 kwa mwaka. Lakini ili upate hiyo 15% Uingereza lazima watoe cheti cha ukaazi wa kodi na wajaze fomu ya 10F, wasipotoa unarudi kwenye kiwango cha ndani ambacho Bajeti ya 2023 ilikipandisha kutoka 10% kwenda 20%, na kwa kiasi hiki ukiongeza nyongeza mbili za juu ya kodi, sachaji ya 2% na sesi ya 4%, inafika 21.216%, sawa na rupia 3,360,000 na kitu. Na kama mkataba wenu unasema Uingereza lazima wapokee pauni zao kamili bila kukatwa, basi kodi mnabeba nyie na inahesabiwa kwa kupandisha kwanza kiasi, ile 15% inakuwa kama rupia 2,795,000.

Na usipokata, afu ikaonekana ulitakiwa kukata, nani anaumia? Nyie Pune. Sio Uingereza. Mnahesabiwa wadaiwa wa hiyo kodi, riba ya 1% kwa kila mwezi au kipande cha mwezi kuanzia siku mliyotakiwa kukata, halafu kifungu cha 40(a)(i) kinakataa hiyo gharama nzima kwenye hesabu zenu za mwaka huo mpaka siku mtakapokata na kulipa. Kwa kampuni ya India iliyochagua kiwango cha 22%, ambacho na nyongeza zake ni 25.168%, gharama ya milioni 15.84 ikikataliwa kodi inapanda kwa karibu rupia 3,987,000. Hii ndo inayomtisha mkaguzi wako, na kusema kweli simlaumu, yeye anasaini hesabu, bosi anasaini hundi.

Sasa lile neno "yote". Mnakata 192, sawa, lakini kwenye nini? Tangu Machi 2009, kesi ya Eli Lilly, Mahakama ya Juu ilishasema mshahara unaolipwa nje kwa kazi iliyofanyika India ni mapato ya India na unakatwa kodi ya chanzo. Wengi wanakata kwenye mshahara wa msingi tu, wanaacha posho ya maisha magumu, nyumba, ada ya watoto, tiketi za nyumbani, bonasi iliyolipwa Machi kule Uingereza, na kodi yenyewe ambayo kampuni inamlipia mfanyakazi ili asibaki na hela pungufu. Debiti noti inasema pauni 7,400, fomu ya 16 ya mhandisi, ile hati ya mshahara wake na kodi iliyokatwa, inasema pauni 6,000. Hiyo tofauti ndo mlango wa afisa. Kwahiyo kabla hujamjibu mkaguzi chukua debiti noti za miezi yote uzilinganishe mstari kwa mstari na ritani za robo mwaka za mishahara, zile za 24Q. Zikilingana hoja yenu ya "kodi imeshalipwa kwenye hela yote" ina miguu, zisipolingana irekebishe sasa na riba yake, ni nafuu mara mia kuliko kusubiri barua. Kama kuna kitu kwenye debiti noti ambacho sio cha mfanyakazi, mfano ada ya usimamizi ya 3% au gharama za HR ya Uingereza, hicho kitolewe kiwe na ankara yake na kijadiliwe peke yake, kikikaa humohumo kinaozesha kapu zima.

GST, kodi ya bidhaa na huduma, nayo hujaniuliza ila itakupata. Ile hukumu ya Northern Operating Systems ya Mei 2022 ilisema kuazima wafanyakazi kutoka kampuni ndugu ya nje ni kuletewa nguvukazi, kwahiyo kampuni ya India inalipa kodi ya huduma kwa mtindo wa mpokeaji kulipa mwenyewe, na kwa GST hiyo ni 18%. Baada ya pale barua zikaanza kumiminika mpaka CBIC, bodi inayosimamia hiyo GST, Desemba 2023 ikawaandikia maofisa kwamba hukumu isitumike kama muhuri, kila mkataba usomwe kivyake. Juni 2024 ukaja waraka namba 210, ukasema kama mpokeaji anastahili kujirudishia GST yote, na hakuna ankara iliyotolewa, thamani ya huduma inaweza kuchukuliwa ni sifuri, na Mahakama Kuu ya Delhi Oktoba 2024 ikautumia huo kufuta madai dhidi ya kampuni ya Metal One. Kwahiyo kama mauzo yenu yote yana GST ya kawaida au ni ya nje ya nchi, maumivu ni madogo. Ila angalia mnachoandika. Kuna watu walilipa GST kimyakimya wakaiita "uletaji wa nguvukazi kutoka kampuni mama", mwaka uliofuata wakaenda kodi ya mapato kusema hawa ni wafanyakazi wetu wenyewe. Kama mnalipa lipeni chini ya pingamizi, muandike wazi kwamba hamkubali kuwa ni huduma.

Ungekuwa mteja wangu ningekushauri nini? Kwanza ningeondoa hiyo debiti noti kadiri inavyowezekana. Sheria ya India ya fedha za kigeni, FEMA, inaruhusu raia wa kigeni aliyeazimwa kwenye kampuni tanzu ya India apokee mshahara wake kwenye akaunti yake ya nje ilimradi kodi ya India imelipwa, kwahiyo Pune inaweza kumlipa mhandisi mwenyewe moja kwa moja, kupitia peiroli yenu, jina lenu kwenye slipu. Kinachobaki kurudishwa Uingereza ni michango ya pensheni na bima ambayo haiwezi kukatika, kiasi kidogo, na kila senti yake iwe imeshaingia kwenye hesabu ya 192. Ukifanya hivyo mazungumzo na mkaguzi yanabadilika kabisa manake hakuna tena mto wa pauni kila mwezi unaotafutiwa jina.

Kama Uingereza wanakataa, na huwa wanakataa kwasababu HR wao hawataki kugusa mfumo, basi ombeni uamuzi wa afisa mapema. Nyie mnaolipa mnaomba kwa 195(2), au Uingereza kama mpokeaji anaomba cheti kwa 197, kwamba isikatwe au ikatwe kidogo. Flipkart walianzia hapohapo. Kubali tu kwamba mara nyingi jibu la kwanza la afisa ni hapana. Wakati mnasubiri benki itaendelea kudai fomu za 15CA na 15CB kabla haijatuma pauni, na yule mhasibu wa nje atakayesaini 15CB hatosaini "haikatwi" kwa kusikia maneno ya bosi, atataka mkataba, barua, fomu ya 16 na slipu za kodi mezani. Mwandalie hilo faili moja na mpe mkaguzi nakala yake. Marekebisho ya mkataba yafanyeni sasa kwa miezi iliyobaki, lakini msirudishe tarehe nyuma hata kama mwanasheria wa Uingereza atasema ni utaratibu tu, kwa miezi iliyopita tegemeeni ulivyokuwa ukweli, na barua ya viza ya hao wahandisi itafuteni leo mwone mwajiri ameandikwa nani.